Namna ya kutaja wingi na uchache kwa Kiingereza bila kupotosha hesabu

Mtu aliyekulia katika Kiswahili anapoanza kujifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba "many" ni ya vitu vinavyohesabika na "much" ni ya vitu visivyohesabika, kisha huachwa na swali ambalo mara nyingi halijibiwi: nitajuaje ni vitu gani ambavyo Kiingereza kinavihesabu? Swali hilo ni la haki, kwa sababu kivumishi chetu cha -ingi hakijali jambo hilo hata kidogo. Tunasema watu wengi, maji mengi, kazi nyingi na mchanga mwingi, na kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli tu. Ngeli nazo hazisaidii, maana maji, mafuta na maziwa huchukua upatanisho wa wingi ingawa hakuna aliyewahi kuona "ji" moja la maji, ilhali mchele huchukua upatanisho wa umoja ingawa mtu mwenye subira angeweza kuzihesabu punje zake hadi jioni.

Hata hivyo, mpaka huo umo ndani ya Kiswahili, ila umejificha mahali pengine. Usiutafute katika -ingi; utafute katika namna tunavyouliza. Tunauliza watu wangapi na viti vingapi, lakini tunauliza maji kiasi gani na mchanga kiasi gani, na yule anayekutengenezea chai akikuuliza "sukari ngapi?", unajua mara moja kwamba anauliza vijiko. Vilevile tunasema idadi ya wanafunzi, lakini kiasi cha mafuta. Tunasema vitabu vichache, lakini unga kidogo, na mtu akisema "maji machache" sikio linakwaruzika. Basi, kabla ya kuandika neno la Kiingereza, jiulize swali hilo kwa Kiswahili kwanza. Mahali panapokubali -ngapi, idadi na -chache, Kiingereza kitataka "how many", "number" na "few". Na mahali panapokubali kiasi gani, kiasi na kidogo, kitataka "how much", "amount" na "little". Sijui kwa nini kipimo hiki hakifundishwi siku ya kwanza, kwa kuwa kila mwanafunzi huingia darasani akiwa nacho tayari mdomoni.

Mahali kipimo kinapodanganya

Kipimo hiki hufaa mara nyingi, lakini kuna maneno machache yanayokigeuza, na ni afadhali kuyajua kwa majina kuliko kutafuta kanuni itakayoyakusanya yote. La kwanza ni pesa. Sisi huuliza "pesa ngapi?" na "shilingi ngapi?" bila wasiwasi, ilhali kwa Kiingereza shilingi huhesabika na pesa haihesabiki: "how many shillings" ni sahihi, lakini "how many money" si sahihi kamwe, husemwa "how much money". Ndiyo sababu bei huulizwa kwa "how much" daima, hata kitu chenyewe kikiwa cha kuhesabika. Mnunuzi anayetaka kujua bei ya maembe husema "How much are these mangoes?", na akisema "How many mangoes?" muuzaji ataelewa kwamba anaulizwa maembe yako mangapi, naye atainama kuyahesabu.

Kundi la pili ni la majina ambayo Kiswahili huyahesabu na Kiingereza huyachukua kama unga usiohesabika. Hapa ndipo makosa yetu ya Afrika Mashariki yalipojazana, katika barua za ofisi, katika ripoti za miradi na hata katika mabango ya maduka. Tunasema vifaa viwili, mizigo mitatu, kazi nne za nyumbani, taarifa tano na nasaha sita. Kwa hiyo tunaandika "equipments", "luggages", "homeworks", "informations" na "advices", tukiongeza "furnitures" kwa ajili ya samani. Maneno hayo yote hayapokei "s" ya wingi, wala hayatanguliwi na "many" au "few". Husemwa "much equipment", "little information" na "a lot of luggage". Neno "news" ni la hila zaidi, kwa sababu lina "s" mwishoni lakini ni umoja: habari ni nzuri huwa "the news is good".

Ukilazimika kuhesabu vitu vya kundi hilo, tumia chombo cha kuhesabia, jambo ambalo Kiswahili nacho hufanya kila siku. Hatusemi sabuni mbili tunapotaka kuwa makini, tunasema miche miwili ya sabuni. Tunasema punje ya mchele, tone la maji, chembe ya chumvi na tita la kuni. Kiingereza nacho husema "a bar of soap", "a grain of rice", "a drop of water", "a grain of salt" na "a bundle of firewood", na kwa mambo yasiyoshikika husema "a piece of advice" na "an item of news". Ukiwa na vifaa vitatu, andika "three pieces of equipment". Wingi huingia kwenye chombo, si kwenye kitu, kama vile ambavyo kwetu miche ndiyo inayoongezeka na sabuni ikabaki ilivyo.

Kundi la tatu linakwenda kinyume, nalo huonekana vizuri zaidi mbele ya muuza nafaka. Simama mbele ya magunia yake uone: mchele, mahindi, maharage, choroko, ulezi na karanga. Kwa Kiswahili vyote hivyo vinaulizwa kwa njia moja, nipimie kiasi gani, au kilo ngapi, au kwa Kenya gorogoro ngapi. Hakuna anayeuliza maharage mangapi. Kiingereza hakioni magunia hayo kuwa sawa. "Rice", "maize" na "millet" havihesabiki, kwa hiyo huwa "too much rice". Lakini "beans", "green grams" na "groundnuts" huhesabika, kwa hiyo huwa "too many beans", hata kama aliyepika alitumia debe zima na hakuhesabu punje hata moja. Unaweza kudhani ukubwa wa punje ndio unaoamua, lakini punje ya mahindi haipungukiwi ukubwa na ya choroko. Njia ya uhakika ni kusoma jina lililoandikwa kwenye paketi ya Kiingereza: likiwa na "s" ya wingi, jina hilo ni la "many", lisipokuwa nayo, ni la "much".

Kuna wakati Kiingereza chenyewe huvunja mpaka huo, nacho hufanya kama mhudumu wa hoteli anayepaza sauti kuelekea jikoni, "chai mbili, chapati nne!" Kikombe kikieleweka, "two teas" na "two coffees" huruhusiwa. Neno "time" nalo hubadilika maana linapovuka: "much time" ni muda mwingi, "many times" ni mara nyingi. "Hair" ya kichwani haihesabiki, lakini mvi mbili zilizoonekana kwenye kioo asubuhi ni "two grey hairs".

Herufi moja iliyomkasirisha mfadhili

Kama ningeambiwa nifundishe jambo moja tu katika somo hili, ningechagua tofauti kati ya "few" na "a few", pamoja na ndugu zake "little" na "a little". Miaka kadhaa iliyopita nilipelekewa barua za kikundi kimoja cha kuweka na kukopa ili niwasaidie kujibu malalamiko ya mfadhili wao. Mhazini, mtu makini asiyepoteza hata risiti ya daladala, alikuwa ameandika katika ripoti ya robo mwaka: "Few members have finished repaying their loans." Alikusudia kutoa habari njema, kwamba muda wa marejesho haujafika na tayari wanachama kadhaa wamemaliza. Mfadhili alisoma kinyume chake, kwamba waliomaliza ni haba na hali inatisha, akataka maelezo ndani ya siku kumi. Nilipomwonyesha mhazini mahali tatizo lilipo, alinitazama kwa mashaka akasema, "Lakini mwalimu, si 'few' ndiyo 'wachache'?"

Ndiyo, lakini uchache una sura mbili. Uchache wa kwanza unahesabu kilichopo: walikuja watu kadhaa, kuna maji kidogo kwenye mtungi, basi tunaweza kuanza. Huo ndio "a few" na "a little". Uchache wa pili unahesabu kilichokosekana: watu walikuwa haba, maji ni kidogo mno, basi tuahirishe. Huo ndio "few" na "little" zisizotanguliwa na "a". Kiswahili hubeba tofauti hiyo kwa maneno mengine, kama kadhaa na haba, au kwa kuongeza "tu" na "mno", au kwa sauti peke yake. Mtu akisema "nina pesa kidogo" inabidi umtazame usoni ili ujue kama anakukopesha au anakukopa. Kiingereza cha maandishi hakina uso, kwa hiyo herufi hiyo moja ndiyo inayobeba kazi yote. Unapotafsiri, badilisha kwanza Kiswahili chako: kama "kadhaa" inaingia bila kuharibu maana, andika "a few", kama "haba" ndiyo inayoingia, andika "few". Ukitaka kuwa salama kabisa katika maana ya pili, andika "only a few" au "very few", maana hata wasomaji waliozaliwa na Kiingereza huweza kupitiwa na "few" iliyosimama peke yake.

Mtego mmoja zaidi uko jirani hapo hapo. "Quite a few" haina maana ya wachache sana; maana yake ni wengi, wengi kuliko ulivyotazamia. Mwenyeji wako akisema "quite a few guests are coming", ongeza mchele.

Neno "little" lina kazi ya pili ambayo isikuchanganye: likitangulia kitu kinachohesabika, linataja udogo wa umbo. "Little houses" ni nyumba ndogo, na "few houses" ni nyumba chache.

Wingi wa kawaida na wingi uliozidi

Baada ya kuzielewa "much" na "many", mwanafunzi huzitumia kila mahali, na Kiingereza chake huanza kusikika kama hotuba. Katika sentensi ya kukubali, mazungumzo ya kawaida hupendelea "a lot of", ambayo ina uzuri wa kufaa pande zote mbili: "a lot of people", "a lot of water". "I have much money" haivunji sarufi, ila hakuna anayesema hivyo barazani. "Much" na "many" hurudi kwa raha katika maswali, katika kukanusha, na baada ya "so", "too" na "as". Kwa upande wa maandishi rasmi, "a great deal of" ni ya visivyohesabika na "a large number of" ni ya vinavyohesabika. "Plenty of" ni tele, yaani kingi cha kutosha na kubaki, nayo "loads of" ni ile "kibao" ya vijana, isiyofaa barua ya maombi ya kazi.

Katika matumizi ya "number" kuna jambo la kitenzi. "A number of students are absent" ina maana kwamba wanafunzi kadhaa hawapo, na kitenzi kinawafuata wanafunzi. "The number of students is falling" ina maana kwamba idadi yao inapungua, na kitenzi kinaifuata idadi. Hapa Kiswahili kinakuongoza chenyewe, kwa sababu usingesema "idadi wanapungua".

"Too" inahitaji tahadhari kubwa zaidi. Wengi wetu huitumia kwa maana ya sana, pengine kwa sababu neno letu "mno" hufanya kazi mbili: kukazia na kueleza kuzidi. "Too" hufanya moja tu, ya kuzidi mpaka ikawa kasoro. Mgeni anayemsifu mwenyeji kwa kusema "your pilau is too sweet" amemwambia kwamba pilau imezidi sukari, na hapo ana makosa mawili kwa mpigo, maana utamu wa pilau ni "delicious". Kabla ya kuandika "too", jaribu kuweka "kupita kiasi" katika sentensi ya Kiswahili. Ikikataa, andika "very". Na "enough", yaani -a kutosha, hutangulia jina lakini hufuata sifa: "enough chairs", ila "big enough".

Wengi na walio wengi nao hawana budi kutenganishwa. Tunaposema kwamba Watanzania wengi wanazungumza Kiswahili, msikilizaji anajua kuwa tunakusudia karibu wote, lakini "many Tanzanians" kwa Kiingereza ni kauli dhaifu inayoweza kumaanisha hata sehemu ndogo ya taifa, mradi hesabu yake iwe kubwa. Walio wengi ni "most". Husemwa "most Tanzanians", bila "of". "Of" huingia tu inapofuatwa na "the", "my", "these" na mfano wa hayo, kama katika "most of the teachers here".

"Fewer", "less" na ugomvi wa Waingereza wenyewe

Kwa kuongeza hakuna taabu, kwa kuwa "more" hufaa vyote. Kwa kupunguza, shule zinafundisha "fewer" kwa vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika: "fewer buses", "less rain". Nakushauri uifuate kanuni hiyo katika mitihani na katika barua, lakini usiichukulie kama sheria ya tangu kale. Mwingereza Robert Baker, aliyeiandika mwaka 1770, aliitoa kama upendeleo wake tu, na kabla na baada yake watu wameendelea kusema "less" kwa vitu vya kuhesabika. Mabango ya "10 items or less" kwenye kaunta za maduka makubwa yaliwaudhi walinzi wa sarufi kwa miaka, mpaka mwaka 2008 Tesco ya Uingereza ilipoamua kuandika "Up to 10 items", njia ya busara ya kuukwepa ugomvi bila kumpa ushindi yeyote.

Penye fedha, umbali na muda, hata wakali wa sarufi hutumia "less", kwa sababu kiasi hicho huonwa kama kitu kimoja: "less than 5,000 shillings", "less than 10 kilometres", "less than two weeks". Usijaribu kurekebisha hapo.

Mia, laki na bilioni

Kwa idadi kubwa tuna bahati, kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza hufuata desturi moja. Tunasema watu mia mbili, si mamia mawili, lakini tunasema mamia ya watu. Vivyo hivyo "two hundred people" haina "s" wala "of", ilhali "hundreds of people" inavyo vyote viwili. Elfu na maelfu, milioni na mamilioni, hufuata njia hiyo hiyo. Dazeni pia: "two dozen eggs", lakini "dozens of eggs". Wazee waliouza vitambaa kwa korija watafurahi kujua kwamba Kiingereza kilikuwa na neno lake la ishirini, "score", nalo ndilo alilotumia Abraham Lincoln pale Gettysburg mwaka 1863 aliposema "four score and seven years", yaani miaka 87.

Neno letu lisilo na mwenzake ni laki. Laki mbili na nusu haina budi kuvunjwa iwe "two hundred and fifty thousand", na Mmarekani huiacha hiyo "and". Wanaofanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba watasikia "lakh" kutoka kwa wenzao wa India na Pakistan, ambako ndiko laki yetu ilikotoka. Neno hilo ni halali kati yao, lakini ukiandikia London au Chicago halitaeleweka.

Karibu watu mia ni kauli nyingine ya kuangaliwa, kwa kuwa kwetu inaweza kuwa 95 au hata 105. "Nearly" na "almost" hukubali 95 tu, yaani kilichokaribia bila kufika. Ukitaka pande zote mbili, tumia "about".

Bilioni inahitaji subira kidogo kwa msomaji wa nyaraka za zamani na kwa jirani zetu wanaotumia Kifaransa. Uingereza ilikuwa ikiita "billion" kile ambacho leo ni trilioni, mpaka mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alipolieleza Bunge kwamba serikali yake ingetumia maana ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja. Kifaransa hakikufuata, humo milioni elfu moja ni "milliard", na "billion" ni milioni milioni moja. Mtu wa Bukavu au Bujumbura anayehamisha bajeti kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza akinakili "billion" kama ilivyo ataipunguza mara elfu. Alama ya mkato nayo ina hatari ya namna hiyo: katika Kiingereza, kama katika Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi, 1,500 ni elfu moja na mia tano, lakini aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuiona kuwa moja na nusu. Katika hati ya fedha inayovuka mpaka huo, andika tarakimu, kisha uandike kiasi hicho kwa maneno kando yake.